Kibuyu cha Dama

Sidi mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tungali nyumba moja na asubuhi hii nimekusuka nywele kwa mkono wangu. Wewe umekwenda Matsangoni kumuaga Hawe, mama wa baba yako, mimi nimebaki hapa Shella na sufuria ya tui mekoni. Nimekutuma mapema kwa makusudi. Nilitaka kupika mafuta ya leo peke yangu, na nilitaka kukuandikia kabla hujarudi, kwa sababu maneno haya nikikwambia ana kwa ana utaniangalia kwa yale macho yako, nami nitanyamaza kama nilivyonyamaza siku zote.

Jana nilikuwa nyuma ya pazia ulipokuwa ukizungumza na baba yako uani. Alikuuliza mbona sanduku lako jepesi hivyo.

"Nakwenda mwezi mmoja tu, Baba. Nikishaona kazi ilivyo nitarudi."

"Shangazi yako amekutafutia kazi Mariakani, hakukuitia matembezi."

"Sasa Jumamosi Mama atakuwa na nani?"

Baba yako akacheka. "Kwani Jumamosi mama yako huliwa na nani?"

Yeye hakujua unasema nini. Mimi nilijua. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kupika mafuta, na Jumamosi ndiyo siku ya kile kibuyu. Nilisimama pale nimeshika pazia, nikajiambia: huyu mtoto ataacha kazi, atarudi nyumbani, atazeeka hapa karibu na meko yangu, na sababu ni mimi.

Basi sikiza. Sitakuandikia habari za kufunga sanduku, wala kuamka mapema, wala kumwamkia shangazi yako shikamoo. Hayo unayajua kuliko mimi. Wala sitakufundisha kupika mafuta. Mkono wako ulishapita wangu zamani. Hata sauti ya tui linapomaliza maji, ile ya kunong'ona baada ya kunguruma, wewe huisikia ukiwa kisimani na mimi niliyekaa mbele ya sufuria sijaisikia.

Nataka kukwambia tulikotoka na mafuta haya, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na mengine uliyaona upande mmoja tu.

Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, umri ulio nao leo. Baba yako alikuwa ameanza kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni. Walikuwa wakivuta chumvi pekupeku, na jua lile juu yao, na maji yale ya chumvi miguuni. Akirudi nyumbani mwisho wa juma alikuwa na magaga ya kuingia punje ya hindi. Mikono yake ilikuwa ikikwaruza shuka. Wewe ukilia akikubeba, tukadhani humtaki, kumbe ni ile mikono.

Mafuta ya nazi matupu hayakumsaidia. Yalikaa juu ya ngozi, akitembea mchanga unayachukua. Bi Rukia, mwenye nyumba wetu, ndiye aliyeniambia nitie nta. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza akisugua mti wa liwa upate unga wa manukato wa bi harusi wa mtu, akaniangalia navyohangaika na ile miguu.

"Mwana, hayo mafuta yako yanakimbia. Yatie pingu."

"Pingu gani, Bi Rukia?"

"Nta ya nyuki. Wakwenu wanarina asali msituni kule, nta wanatupa. Wanatupa dhahabu!"

Nikaenda Matsangoni, Hawe akanipatia bonge la nta lenye miguu ya nyuki ndani yake. Mara ya kwanza nilitia nyingi, yakagandana kama mshumaa. Mara ya pili kidogo, yakabaki maji. Mpaka nikajua kudondosha tone moja juu ya kifuniko baridi na kuligusa kwa kidole kabla sijaepua. Baba yako akayapaka usiku, akafunga miguu kwa matambara, akaenda nayo kazini kwenye kikopo cha rangi ya viatu. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

"Haya bi harusi, tugeuzie na kisigino!"

"Usimguse, mamake atadai mahari!"

Alikuja kunisimulia huku amenuna. Mwisho wa mwezi uleule akarudi na vikopo vitupu, cha huyu na cha yule, wote wale waliokuwa wakicheka. Hivyo ndivyo biashara yetu ilivyoanza. Haikuanza kwa warembo, Sidi. Ilianza kwa visigino vya wanaume wa chumvi. Mabibi wa Shella na mafuta yao ya rihani walikuja baadaye, wakaja na wale wanaotaka niwatilie kitu cha kuwafanya weupe. Unakumbuka yule mama aliyeleta kopo la krimu ya dukani akitaka nichanganye na mafuta yangu? Uso wake ulikuwa umebabuka kama embe lililopigwa na jua. Nilikataa, akanitukana mpaka njia panda. Nawe ukaniuliza, "Mama, kwani hutaki wateja?" Nilikujibu kwa mkato siku ile. Jibu lenyewe ni kwamba nilishaona nini hutokea mtu akitaka mafuta yafanye kazi isiyo yake.

Nimefika kwa Dama.

Mdogo wako alipozaliwa, Bi Rukia alichuma asumini kwenye mti wake wa uani, akaniletea zimejaa upindo wa kanga. Nilizilaza kivulini zikanywea, maji yakatoka, ndipo nikazitia katika mafuta ya vuguvugu. Mafuta yale sikumuuzia mtu. Yalikuwa ya Dama peke yake. Hawe akamletea kibuyu kidogo, cha kukaa kiganjani, kilichokuwa chake tangu alipokuwa mwari, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa. Jioni ulikuwa ukikaa umenyoosha miguu, namlaza juu ya mapaja yako, wewe unashika kibuyu, mimi nanyoosha yale mapaja yake manene. Akisikia tu kizibo kinatoka, anacheka. Nyumba nzima ilinuka asumini. Mpaka leo nikipitana na mtu aliyejitia asumini kichwani, hugeuka nikamfuata hatua mbili tatu.

Alipopata homa, nilimpaka mafuta.

Naandika hivyo kwa ufupi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimpaka asubuhi, nikampaka jioni, nikamkanda kifua, nikamfunga kanga. Mafuta yangu yalikuwa yameponya miguu ya kundi zima la wanaume, na wanawake walikuwa wakinisifu mpaka nikadhani mkono wangu unajua kila kitu. Bi Rukia alisema, "Mpeleke hospitali." Nikasema ataamka afadhali. Tulipompeleka, muuguzi alimshika tu, akaniangalia, akaita mwenzake kwa sauti ya chini. Ngozi yake ilikuwa laini mwanangu, inang'aa. Hakukuwa na mtoto mwenye ngozi nzuri kama yeye katika kile chumba.

Ngozi ikichemka kutoka ndani, mafuta hayana habari nayo. Hili nililijua kwa bei ambayo sitaki wewe uilipe. Kinachopakwa ni cha ngozi. Kazi yake ni ndogo na ni nzuri, na inatosha. Yeyote atakayekwambia huko uendako kwamba kopo lake linatibu kifua, tumbo na mume mkali, mpishe apite.

Tulipomzika Matsangoni, Hawe aliniuliza kiko wapi kibuyu. Kwa desturi ya nyumba yao, mafuta ya mtoto humalizwa yote mwilini mwake, na kibuyu huachwa pale kaburini kimelala, mdomo wazi. Hawe kama mama mkwe hakuwahi kunigombeza hata mara moja, na siku ile pia hakunigombeza. Alisema kwa upole, "Mama Sidi, mafuta ya aliyekwenda humalizwa. Yakibaki, humshika aliyebaki."

Nikamwambia kimepotea. Kilikuwa kiunoni mwangu, chini ya kanga mbili.

Jumamosi iliyofuata nikapika mafuta kama kawaida, na nilipochuja, mkono ukaenda wenyewe. Nikatia asumini, nikajaza kibuyu, nikakiweka dirishani mahali pake. Juma zima nilikuwa nakiinua na kukipima kwa kiganja. Kizito vilevile. Hakuna mtu wa kukipunguza. Nadhani unakumbuka hali yangu ya siku zile. Sikuwa nikila. Ulikuwa ukipika uji wewe, mtoto wa miaka kumi, unaniletea, unapoa, unauondoa.

Kisha siku moja nikakiinua, kikawa chepesi.

Sijui kama nitaweza kukueleza. Nilikaa chini sakafuni. Niliogopa, na wakati huohuo nikahisi kama mtu amenifungulia dirisha kifuani. Nilisimama nikapika wali. Nikacheka na baba yako kwa neno fulani alilosema, sikumbuki neno gani, nakumbuka ulivyogeuka ukanitazama.

Tangu hapo kila juma kibuyu kikapungua. Na si kibuyu tu. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba, chini kabisa, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama, zikaonekana alama za vidole vya mafuta. Vidogo. Mkeka wa pembeni alipokuwa akilala ukawa unanuka asumini upya. Nilikuwa naingia chumbani polepole nisimshtue. Nikitoka nilikuwa naacha pazia limefungwa nusu, apate pa kupita. Nikiwa sokoni nilikuwa na haraka ya kurudi, kama mtu aliyeacha mtoto mchanga nyumbani.

Baba yako nilimwonyesha mara moja, nikijifanya nashangaa tu.

"Kibuyu kinakunywa hicho," alisema.

Lakini wewe na mimi tunajua vibuyu. Kibuyu kipya hunywa. Kikongwe kama kile kimeshashiba toka enzi za Hawe, hakinywi hata tone.

Bi Rukia nilimwambia kweli yote. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mwana," akasema, "mtoto wa mwaka mmoja njia ya kurudi haijui. Watazame wenye miguu."

Nilikasirika. Sikumsalimia siku nzima, na nyumba ni yake! Yeye wala hakujali. Jioni akanipigia kelele toka kibarazani, "Mpika mafuta mwenye ngozi ya kenge, hujambo?" Maana tangu Dama aondoke nilikuwa sijipaki. Niliwapaka watu wote, mimi nikakaa na vumbi langu. Niliona ndiyo haki.

Sasa nisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokukosea, na hujui kama najua.

Ilikuwa Jumatatu moja ya likizo. Nilikuwa nimetoka kupeleka mafuta kwa bi harusi mtaa wa pili, nikarudi njiani kwa kuwa nilisahau kopo moja. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nilikuona. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya mwimo, kibuyu kiko pembeni. Ulikuwa ukichovya ncha za vidole tu, ukizigusisha kwenye ubao taratibu, moja moja, ili alama ziwe ndogo. Ukarudi nyuma kidogo kutazama. Moja haikukuridhisha, ukaifuta kwa kanga, ukaiweka upya. Kisha yaliyobaki kiganjani ukayapangusa kwenye mkeka.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Nadhani mara ya kwanza kibuyu kilikuponyoka, mafuta yakamwagika, ukakirudisha ukingoja kofi. Badala ya kofi ukaona mama yako amepika wali na amecheka. Mtoto yeyote angefanya vile tena. Wewe ulifanya kila juma. Ulikuwa ukitoka shuleni, unavua sare, unafanya kazi ya marehemu, kisha unakwenda kuteka maji.

Na mimi niliona, nikarudi kinyumenyume mpaka nje, nikakohoa kwa nguvu uwanjani upate muda wa kuficha kibuyu.

Ningeweza kuingia nikukumbatie na kukwambia, basi mwanangu, yatosha. Sikuingia. Niliyataka yale mafuta yapungue. Nilijua ni wewe, na bado kila nikikiinua kibuyu kikiwa chepesi moyo wangu ulikuwa ukienda mbio, kana kwamba kuna sehemu yangu haikuambiwa. Jumamosi nilijaza, nawe ukapunguza, mwaka ukaingia mwaka. Ulipopata ile nafasi ya kwenda na wenzako wa shule Mombasa kuimba, ukasema tumbo linauma. Nilijua si tumbo. Nikakupa tangawizi.

Hawe alisema yakibaki humshika aliyebaki. Miaka yote nilidhani aliyebaki ni mimi. Jana nyuma ya pazia ndipo nikajua alikuwa na maana ya nyumba nzima, na wewe ndiye uliyeshikwa kuliko wote.

Kwa hiyo nakwambia kwa maandishi, nisiweze kuyarudisha: utakwenda Mariakani, na hutarudi kwa ajili ya Jumamosi. Njoo Krismasi. Njoo ukiumwa, njoo ukipata mchumba tumwone sura. Lakini ukija kwa sababu unaniogopea, nitakurudisha kwa basi lilelile, hata kama nitalia.

Huko kwenye kiwanda cha maziwa shangazi yako anasema wataanza kukuweka kwenye kuosha mitungi ya maziwa. Unakumbuka maziwa ya pakiti mliyokuwa mkigawiwa shuleni, mkirushiana zile pakiti kichwani? Mikono ya mtu fulani ilisafisha njia yake mpaka yakakufikia. Dawa ya kuoshea mitungi ni kali, itakufanya uwe na mikono kama ya baba yako. Nimekupikia makopo ya kutosha, nta nimezidisha kidogo kwa sababu ya joto la kule. Wenzako watacheka. Waache wacheke, halafu wape.

Na hili si agizo la kila siku, ni jambo nililojifunza kwa kuchelewa: jipake mwenyewe kwanza. Usiwe mtu wa kushika mafuta ya wengine huku wewe umekauka. Mimi nilidhani kukauka kwangu ni kumkumbuka mtoto. Kumbe nilikuwa nakufundisha wewe, kila siku, bila kusema neno, kwamba aliye hai hana fungu lake.

Sasa jua limeanza kuingia upande wa kisima, na wewe huenda uko njiani. Mafuta yameiva. Nimeyasikia mwenyewe leo yakinong'ona, kwa kuwa hukuwepo wa kunishtua. Nimechuja. Wateja nimewajazia wote. Bi Rukia amechungulia akauliza, "Leo hutaki asumini? Mti umechanua." Nimemwambia sitaki. Amesema, "Alhamdulillahi," akaenda zake na bakora yake.

Kibuyu sikukijaza.

Yaliyokuwa yamebaki ndani, ya juma lililopita, nimeyamwaga kiganjani. Hayakuwa mengi, ulishafanya kazi yako. Nimeanza na miguu. Nikapanda magoti, mikono, shingo. Ngozi iliyanywa kama ardhi ya kiangazi, ikawa inadai mengine. Nimelia, sikufichi, lakini nimelia huku napaka, na nimepaka mpaka kibuyu kikatoa hewa tupu. Mwimo wa mlango nimeuosha kwa maji ya moto na sabuni. Mkeka uko juani.

Kibuyu kiko dirishani, kimelala, mdomo wazi. Kesho ukishapanda basi, mimi na baba yako tutakwenda Matsangoni kukifikisha kwa mwenyewe. Usiku huu nitakilinda usikiguse, usikijaze, wala usikitilie hata tone kwa huruma. Nitajua.

Barua hii nitaitia ndani ya sanduku, kati ya kanga mbili nilizokununulia, uisome ukiwa umeshafika. Lakini jioni hii utakapoingia, kabla hujajua lolote kati ya haya, utasikia harufu ya asumini mlangoni, na najua utasimama, na utaangalia chini kwenye mwimo, ukitafuta vidole ambavyo hukuviweka wewe.

Usiogope, mwanangu. Nitakuwa nimekaa hapohapo nakungoja. Ni mimi ninayenukia.

Mama yako